Pipa Lililoelekezwa Ukutani

Juzi niliingia duka la pembejeo hapa Newala kumnunulia mama mbegu za kunde, na kabla macho hayajazoea giza la mle ndani, pua ikawa imeshanirudisha nyumbani. Ni harufu inayofanana na kitunguu saumu kilichooza ndani ya mafuta ya taa. Haiishii puani. Hushuka hadi nyuma ya ulimi na kukaa hapo, kama umelamba shaba. Nilisimama mlangoni mpaka mwenye duka akadhani nimesahau nilichofuata. Wenzangu mliokulia upande huu miaka ile soko huria lilipoingia mtaijua. Watoto wetu hawaijui sana, maana dawa za siku hizi zinakuja kwenye vichupa vilivyofungwa vizuri.

Nilikulia Kota, mtaa ulio pembezoni mwa mji, upande wa barabara inayoteremka kuelekea Masasi. Kwenye vibao vya halmashauri una jina jingine, zuri, ambalo sijawahi kumsikia mtu akilitamka. Zamani palikuwa mikorosho mitupu. Kikajengwa kiwanda cha kubangua korosho, na mbele yake zikapangwa nyumba za wafanyakazi, safu kwa safu, kuta nyeupe na mabati, milango ikitazamana. Watu wakatoka Masasi, Lulindi, Lisekese. Wengine walikuwa wamevuka Ruvuma kukimbia vita. Wamakonde, Wamakua na Wayao, Waislamu na Wakristo, wote wakawa watu wa king'ora. King'ora kikilia asubuhi mji mzima ulijua ni saa ngapi. Hata wasiokuwa na kazi kiwandani walikitegemea kuinjika uji.

Lakini kilichotutenga na mitaa mingine kilikuwa bomba. Anayeifahamu Newala hahitaji kuelezwa. Sisi tuko juu, karibu na mawingu, na maji yako chini bondeni. Wanawake wa mjini waliteremka na ndoo tupu, wakapanda nazo zimejaa, na hapo siku ilikuwa imekwisha. Kiwanda kilikuwa na pampu iliyosukuma maji kutoka bondeni hadi kwenye matangi yake, na yaliyobaki yalitoka kwenye bomba moja lililosimama katikati ya safu za nyumba. Baba ndiye aliyekuwa fundi wa pampu hiyo. Mjini walitutania kwamba binti akiposwa na mtu wa Kota, wazazi wake hawaulizi tabia za mume, wanauliza bomba linatoka siku gani.

Kiwanda kilifungwa kabla sijapata akili ya kuuliza maswali. Nilichokijua mimi ni kiwanda kilicholala: milango mikubwa yenye minyororo, popo darini, king'ora kilichojaa viota vya nyigu. Zikaja siku za soko huria. Korosho zikawa zinanunuliwa ghafi, zinapakiwa kwenye malori na maganda yake, zinapelekwa bandarini zikabanguliwe na watu tusiowajua. Malori yalipopita Kota, wanawake waliokuwa wabanguaji walitoka vibarazani, vidole vyao bado na weusi wa mafuta ya maganda, wakayatazama kama mtu anavyomtazama mtalaka wake akipita na arusi.

Pampu iliendelea kufanya kazi, nadhani kwa sababu hakuna mkubwa aliyekumbuka kuamuru izimwe. Watu wa Kota walichangia dizeli, baba akawa anaiwasha alasiri za siku chache katika wiki. Halafu siku moja akaja mgeni mwenye fulana ya kampuni ambayo hatukuwahi kuisikia, akazunguka kiwandani na baba, akaweka alama ya chaki kwenye kila mashine iliyouzwa. Baba alirudi nyumbani akanawa mikono muda mrefu kuliko kawaida. Mama alimuuliza kama na pampu imo. Baba akasema imo, itaondoka na lori la mwisho.

Habari hiyo ilitukuta vibaya kuliko wengine, kwa sababu kaka yangu Sefu alikuwa jandoni.

Sefu alikuwa mkubwa kwangu kwa ziwa moja. Ndiye aliyempa mama jina la Mama Sefu, na mama alilivaa jina hilo kama kitambaa kipya. Msimu ule wa kiangazi alichukuliwa pamoja na wavulana wenzake wa Kota, wakapelekwa likumbi, kambi ya jando iliyojengwa vichakani nyuma ya mikorosho. Siku hizi mambo hayo yanafanyika hospitali, wiki moja mtoto yuko darasani. Wakati ule walikaa mpaka kidonda kipone na nyimbo zote ziingie kichwani. Na mwana akiwa likumbi, mamaye naye alikuwa kama yuko likumbi. Mama hakuweka chumvi kwenye chakula chake. Hakuchana nywele. Hakugombana na mtu, hata jirani aliyestahili. Zaidi ya yote, hakutakiwa kutazama kitu chochote cha kambi ile, wala kukitaja. Mama akitazama, walisema, kidonda cha mtoto kinatazama nje, hakifungi.

Kila mchana alimpelekea Sefu chakula kwenye sahani ya bati yenye ua jekundu. Aliiacha kwenye njia panda, mwanamume mmoja akaja kuichukua, na jioni ikarudi hapohapo ikiwa tupu. Sikuelewa kwa nini mama aliipokea kwa mikono miwili na kuiinua juani, akaitazama chini ya kitako, kabla hajaiosha. Mama Bosko, jirani yetu wa ukuta mmoja, ndiye aliyenieleza kwa sauti ya chini tukiwa tunachambua kisamvu. Mvulana akifia likumbi, mama yake haambiwi kwa mdomo. Sahani inatobolewa msumari, inarudishwa na tundu. Kuanzia siku hiyo mimi pia nikawa naitazama sahani dhidi ya jua. Kila jioni ilikuwa nzima.

Mama alikuwa na hofu moja iliyo wazi, nayo ilikuwa ya maji. Siku ya kutoka, wali, yaani wavulana wanaotoka jandoni, huogeshwa kwa maji yaliyotoka nyumbani kwao, na mama aliyepeleka maji machache au machafu hutajwa kwenye nyimbo mpaka atamani ardhi ipasuke. Pampu ingekuwa imeondoka kabla ya siku hiyo. Kwa hiyo mama akaamua kununua pipa.

Mapipa yalikuwapo, na hapa nirudi nyuma kidogo. Ghala la kiwanda lilikuwa limepangishwa kwa mfanyabiashara wa dawa za mikorosho ambaye hatukuwahi kumwona. Tulimwona mtunza ghala wake tu, Bwana Chitanda, mtu mnene mwenye utani mwingi. Kabla ya hapo dawa ya mikorosho kwetu ilikuwa salfa. Ilikuwa unga wa njano uliopulizwa alfajiri msimu wa kiangazi, ukatanda juu ya mikorosho, mabati, mbuzi na daftari za shule. Salfa ilikuwasha macho, ikakukohoza, halafu ikakuacha uende zako. Tulikula maembe mabichi yenye vumbi lake. Soko lilipofunguliwa ikaja dawa ya maji ndani ya mapipa ya bluu, na sisi tukaipokea kwa mazoea ya salfa. Msimu wa kupuliza ulipokwisha, Bwana Chitanda akawa ana mapipa matupu. Katika mji usio na maji, pipa zima lenye mfuniko wa kukaza ni kitu cha kugombewa.

Nilimsindikiza mama ghalani. Mama Bosko alikuja pia, ingawa hakuwa ananunua. Mama aliamkia, Bwana Chitanda akaitikia marahaba, akaligonga pipa moja kwa kiganja kama mtu anayesifia ng'ombe. Lilikuwa limepakwa chokaa upande mmoja, baka kubwa jeupe.

"Halina neno?" mama akauliza.

"Neno gani, Mama Sefu? Salfa mmekula miaka yote, nani alikufa? Hii ni ileile, ila imeyeyushwa."

"Salfa haikuwa na harufu ya mzoga," Mama Bosko akasema.

"Na choo chako, Mama Bosko, kinanukia udi?"

Wanawake waliokuja kununua wakacheka, na mimi nikacheka kwa sababu walicheka. Vijana wa ghalani wakalivingirisha pipa mpaka nyuma ya nyumba yetu.

Majirani wengine walionunua waliyakata mapipa yao upande wa juu kwa patasi, wakachoma ndani yake miti ya mihogo mpaka rangi ikabambuka, kama walivyozoea kuyafanyia mapipa ya mafuta. Mama hakutaka. Pipa lililokatwa halina mfuniko, na maji yasiyo na mfuniko hupungua kwa jua na kwa majirani. Akamwaga yaliyobaki ndani, akatia majivu na mchanga na maji kidogo, tukalitikisa, tukamwaga, akasema litakuwa safi likikaa juani. Upande wa nje akanipa mimi nisugue.

Nilisugua kwa mchanga uliolowa. Chokaa ikaanza kutoka vipande vipande, na chini yake likatokea jicho. Lilikuwa jicho bila mboni, tundu jeusi la mviringo. Nikasugua tena, likatokea la pili. Kisha meno, yote nje, bila midomo ya kuyafunika. Kichwa kilichonyolewa. Na chini ya kidevu vitu viwili vimepishana, ambavyo kwangu mimi vilikuwa fimbo mbili za mchezaji.

Kwa asiye wa kwetu, lipiko ni kile kinachokuja kucheza siku wali wanapotoka, kichwa kimevaa sura ya mti yenye meno, mwili umezibwa wote kwa nguo na kamba. Sasa nimekua, najua kuna nini ndani ya zile nguo. Wakati ule nilijua tulichoambiwa wanawake na watoto: kwamba si mtu, ni maiti aliyeitwa kutoka ardhini na wanaume wanaojua maneno. Akikusogelea unakimbia. Hutazami usoni. Humtaji. Na ni wa likumbi, mali ya kambi. Sasa alikuwa nyuma ya nyumba yetu, amechorwa kwenye pipa, akinikenulia meno.

Nilimfuata mama jikoni. Nakumbuka nilisimama mlangoni nikiwa na mchanga mikononi.

"Mama, kwenye pipa kuna lipiko."

Mama hakushtuka kwa kelele. Aliacha alichokuwa anafanya, akavuta ncha ya khanga yake mpaka machoni, kana kwamba kile kitu kilikuwa kimeingia nami jikoni.

"Umelitaja kwa mtu mwingine?"

"Hapana."

"Basi usilitaje. Kaka yako bado ana kidonda."

Akatoka nje kinyumenyume. Niliona jambo hilo kwa macho yangu na sijalisahau: mama yangu akienda kwenye pipa kwa kurudi nyuma, macho yake yakiwa kwenye mnazi wa jirani, akaliegemea kwa mgongo, akalisukuma na kulizungusha kwa mabega na nyonga mpaka ile sura ikaelekea ukutani. Alihema. Akatamka maneno fulani ya dua, akarudi jikoni. Baba alipokuja alasiri kutoka likumbi, alikokuwa akishinda na wanaume wenzake, alilikuta pipa limesimama vizuri dhidi ya ukuta, upande safi ukiwa mbele. Akalisifu.

Siku bomba lilipotoka maji kwa mara ya mwisho, Kota nzima ilipanga foleni. Hapakuwa na ugomvi. Watu walisubiri kama wanaosubiri kumwaga mchanga kaburini. Baba alisimama karibu na bomba, kiganja juu ya chuma chake, kama mtu anayepima homa ya mgonjwa. Tulijaza pipa kwa ndoo. Ndoo ya kwanza iliposhuka ndani, ile harufu ilipanda ikatupiga usoni, na maji yakawa na weupe kidogo, kama ya kuoshea mchele. Mama akasema ni majivu. Lilipojaa, akakaza mfuniko mwenyewe.

"Haya ni maji ya Sefu," alituambia. "Atakayeyagusa atanijua."

Lori la mwisho lilipoondoka na pampu chini ya turubai, Kota ikawa kama mitaa mingine. Wanawake wakaanza kuteremka bondeni, na mimi nikiwa nyuma ya mama na kidumu changu. Tulirudi na koo kavu tukalipita pipa lililojaa, hatukuligusa. Lakini nililitazama, maana nilikuwa mtoto wa kutazama vitu. Niliona jua likikolea maji yanafurika kwenye mfuniko tone moja moja, na chini yake mchanga umelowa. Njia ya sisimizi iliyokuwa ikipita pale kila mwaka ikapinda, ikazunguka mbali, kisha ikatoweka. Kuku wetu mwekundu alidonoa pale kwenye unyevu asubuhi, na kabla ya adhuhuri alikuwa chini, shingo imepinda, mbawa zikitetemeka. Mama alisema ni kideri. Mama Bosko akasema kideri hakiji kwa kuku mmoja. Mama akamkata jicho, kisha akakumbuka kwamba haruhusiwi kugombana, akaenda kumfukia kuku.

Mimi nilijua ni nani aliyemuua kuku. Nilijua lipiko anakula. Nilichokuwa nasubiri ni kuona atakula nini tena, na sikuwa na wa kumwambia, kwa kuwa aliyestahili kuambiwa alikuwa ameambiwa.

Asubuhi ya kutoka ilifika na ngoma kutoka vichakani. Kina mama walijitwisha ndoo za maji mpaka njia panda, wanaume wakazipokea hapo. Ndoo za mama zilikuwa nyingi na zimejaa pomoni. Wenzake walizitazama kwa kijicho, na yeye alitembea shingo imenyooka. Baadaye tuliambiwa kwamba huko Sefu, ambaye kwa miezi ile alikuwa akinyimwa maji ya kunywa akiwa anafundwa, aliinamisha uso kwenye ndoo ya kwanza akanywa kama ndama kabla ya kuogeshwa, na wanaume wakacheka wakamwacha. Mmoja wa waliomwogesha alishinda siku hiyo akitapika nyuma ya nyumba. Watu walisema ni gongo.

Wali walitokeza jua likiwa limepanda, wamepakwa mafuta, shuka mpya, miavuli juu yao. Wakaketishwa kwenye mikeka mbele ya safu za nyumba. Mama alipomwona Sefu alipiga kigelegele kimoja kirefu kilichovunjika katikati. Mwanawe alikuwa hai, sahani ilikuwa imerudi nzima kila jioni, na yeye hakuwa ametazama kitu. Alitimiza yote.

Mwali mwema haongei. Hainui uso. Haangazi huku na huku kama mtoto, kwa kuwa utoto umebaki likumbi umechomwa na majani. Wavulana wengine walishindwa, walichungulia mama zao, walitabasamu. Sefu peke yake ndiye aliyekaa kama inavyotakiwa. Kichwa kimeinama kifuani. Jasho likimtoka juu ya mafuta. Udenda ulimshuka taratibu mpaka kwenye shuka na hakuupangusa. Mikono ilimtetemeka juu ya magoti.

"Katulia huyu," wanawake walimwambia mama. "Kafundwa kweli."

Mama alikuwa akiitikia kwa kutikisa kichwa tu. Mimi nilisogea mpaka ukingoni mwa mkeka, nikainama kumtazama usoni kutoka chini. Macho yake yalikuwa wazi. Kile kiini cheusi cha katikati kilikuwa kimepungua mpaka kikawa kama nukta ya kalamu. Nilimwita kwa jina lake la utotoni, ambalo sikutakiwa kulitaja tena. Midomo yake ilicheza, hakikutoka kitu.

Ndipo ngoma zikabadilika na wanawake wakaanza kukimbia, na lipiko akatokea pembeni mwa ghala. Alikuja akirukaruka kwa hatua fupi, meno nje, fimbo mikononi, moja kwa moja kwenye mikeka. Kila mtu alirudi nyuma. Mimi sikukimbia. Nilikuwa namjua, nilikuwa nimemwosha kwa mikono yangu, na niliona amefuata alichoanza. Alipofika mbele ya Sefu akatikisa mabega, na Sefu akaanguka ubavu, akaanza kurusha miguu. Watu walicheka kwanza, wakadhani ni woga. Kisha mama akasikika, na ngoma zikasimama.

Walimpakia nyuma ya gari lililokuja kununua korosho. Alifia njiani kabla ya kufika hospitali. Wazee walisema ni mzimu wa likumbi, wengine wakasema fitina, wengine wakamnyooshea kidole ngariba, naye akahama. Jando halikuwekwa tena Kota baada ya mwaka ule. Ukiwauliza watu wa makamo sababu, watakuambia mahali pale ni pabaya, hawataongeza.

Baada ya arobaini kupita, nilitoka shule nikamkuta baba nyuma ya nyumba. Alikuwa ameligeuza pipa, nadhani alitaka kulisogeza, na alikuwa na kitambaa kilicholowa mkononi. Chokaa yote ilikuwa imetoka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya ile sura, amekaribiana nayo kama mtu anayesoma maandishi madogo, na hakunisikia nikifika. Akanyanyuka, akaenda kuchukua sururu. Akalitoboa pipa. Akalitoboa tena na tena, na mlio wake ukaenda mpaka upande wa pili wa Kota, maji meupe yakichuruzika kwenye mchanga. Mama Bosko akachungulia juu ya ua.

"Baba Sefu, pipa zima hilo."

"Limeoza," baba akasema.

Alichimba shimo akalifukia mbali, kwenye mikorosho. Mama alikuwa jikoni muda wote huo. Hakutoka. Jioni alimpakulia baba chakula, akakaa karibu naye mpaka alipomaliza, jambo ambalo hakulizoea.

Mimi nilielewa miaka baadaye, nikisoma sekondari Masasi. Kwenye mlango wa kibanda cha umeme karibu na bweni kulikuwa na bati la njano, na juu ya bati hilo alikuwapo yeye, macho matupu, meno nje, fimbo zake mbili ambazo sasa niliona kwamba ni mifupa. Chini yake pameandikwa neno moja: HATARI. Nilisimama pale mpaka kengele ikalia na wenzangu wakaniacha. Baba alikuwa amelijua neno hilo siku ile aliposhika kitambaa. Alikufa bila kunitamkia, na mimi nikaapa kwamba mama naye hatalijua, kwa sababu ningeanzaje kumwambia kwamba alilinda kidonda na kuacha mwana?

Kota ya leo ina uhai wake. Nusu ya kiwanda ni ukumbi wa arusi, nusu ni ghala, na korosho bado zinapita ghafi. Vijana wa bodaboda wanakaa pale lilipokuwa bomba, na hakuna hata mmoja anayejua kwa nini kuna duara la saruji katikati ya njia. Maji yanakuja kwa boza, yanaingia kwenye matangi meusi ya plastiki kwa walio nacho, na kwenye chochote chenye tundu na mfuniko kwa wasio nacho. Mama bado anaishi kwenye nyumba ileile.

Siku hiyo ya juzi mwenye duka alinipa na kichupa cha dawa ya wadudu wa kunde, akasema bila hiyo mbegu ni kazi bure. Nilikiweka mezani kwa mama bila kufikiri, nikaenda kufungua dirisha. Nilipogeuka, mama alikuwa amenyoosha mkono, uso ameupeleka pembeni, na kwa mgongo wa kiganja alikuwa akikizungusha kichupa mpaka kile kichwa chekundu chenye meno kilichochorwa juu yake kikaelekea ukutani.

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza.

"Unadhani sijui."

Nikavuta kigoda, nikaketi.

"Sahani ya mwanangu ilirudi nzima kila siku," alisema. "Halafu baba yako akaja akatoboa pipa. Mtu wa Newala hatoboi pipa zima. Nilikuwa jikoni, nikasikia lile tundu la kwanza, nikajua nimeletewa sahani yangu."

Nilimuuliza kwa nini hakumwambia baba kwamba anajua, miaka yote ile.

"Alikuwa ananificha. Mtu akikuficha kwa huruma, unakaa pale alipokuficha."

Nje honi ya boza ilikuwa inalia. Watoto wa Kota walikuwa wanatoka kila mlango wakikimbia na vidumu, vya njano, vyeupe, vya bluu, wakivipanga mstari mmoja kwenye mchanga, vifuniko vimefunguliwa vinasubiri. Harufu ilinifikia, au nilidhani imenifikia. Nilitoka nje nikainama kwenye kidumu cha kwanza, mtoto mwenye nacho akinishangaa, nikaanza kuvigeuza kimoja kimoja nione upande wa pili.